Kichuguu cha Nasirumbi

Okochi alipokufa kwa homa ya mapafu alimwachia mkewe nyumba ya udongo, kuku wachache na kichuguu. Mtu wa mbali angecheka kusikia kichuguu kikitajwa katika urithi, lakini kwa Wasamia wa Busia lilikuwa jambo la kawaida. Kile cha Okochi kilikuwa kirefu kupita paa la nyumba, chekundu, kipana kiunoni, na mvua kubwa zilipoanza kilitoa kumbikumbi wa kujaza vikapu. Waliobaki baada ya kuliwa walikaangwa na kuanikwa, kisha wakapelekwa soko la Tororo kubadilishwa kwa chumvi na kitambaa. Nasirumbi, mkewe, alikilinda kichuguu kile kama wengine wanavyolinda ng'ombe.

Okochi alikuwa na mdogo wake, Egesa. Matanga yalipokwisha alikuja kumrithi mjane kama ilivyokuwa desturi, amevaa kanzu safi, akaketi kwenye kigoda cha marehemu kabla ya kukaribishwa. Nasirumbi alimtazama, kisha akasema mbele ya wazee, "Mimi nimeshakuwa na mume. Huyu anaye Benedeta wake, na hata huyo hamlishi akashiba." Wazee waliangua kicheko. Egesa naye alicheka kidogo, akainuka, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukanyaga ua wa Nasirumbi kwa wema.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Hitla alifika Tororo mzungu aliyeitwa Taranti. Alipanga nyumba chini ya mwamba mkubwa ulioko mjini hapo, akawa ananunua ngozi za kenge na kuzipakia kwenye treni, zikashonwe viatu na mikoba huko Ulaya. Baadaye akasikia kwamba kuna wazungu wanaotaka kenge hai kwa ajili ya bustani zao za wanyama, hasa wadogo wanaokaa vizuri sandukuni na hawafi baharini. Basi akaanza kutafuta namna ya kuwatotolesha. Mayai aliyoyatoa matumboni mwa kenge waliochunwa aliyafukia katika masanduku ya mchanga kando ya jiko lake. Mengine yaliiva kwa joto la jiko, mengine yakaoza, na harufu ikawa mbaya hata mpishi akatoroka.

Siku moja, kando ya mto Sio, Taranti alimwona kenge jike akichimba ubavuni mwa kichuguu. Kenge aliingia nusu mwili, akataga, akatoka, akaenda zake majini bila kugeuka nyuma. Kisha mchwa wakaja wakaliziba lile tundu kwa udongo wao. Taranti aliporudi baada ya wiki kadhaa akalitoboa na kutia mkono, alikuta joto la kadiri na unyevu, na mayai yamenona kuliko yalivyotagwa. Hapo akajua anachokitaka: kichuguu kikubwa, hai, karibu na barabara ya Tororo. Egesa alikuwa mmoja wa wategaji wake.

"Bwana, iko moja kubwa sana," Egesa alimwambia. "Iko kwa marehemu kaka yangu."

Walikuja asubuhi na lori lililojaa mabati, pamoja na askari wa chifu. Nasirumbi alikuwa uani anapepeta wimbi.

"Shemeji, toa vitu vyako," alisema Egesa.

"Nivitoe niende wapi?"

"Bwana anataka hapa. Mabati yatazunguka kichuguu, na nyumba iko njiani."

"Chifu anajua?"

"Huyu askari unafikiri ametoka wapi?"

Nasirumbi aliweka ungo chini. Alikwenda akasimama mbele ya yule mzungu, ambaye wakati huo alikuwa akikipapasa kichuguu kwa viganja vyote viwili kama anayemkagua ng'ombe wa kununua, akamwambia kwamba pale ni kwake, mume wake amezikwa pale nyuma ya migomba. Taranti alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hakufoka hata mara moja siku ile.

"Wewe mama hapana kwenda mbali," alisema. "Wewe takaa. Kila siku wewe tapa kenge chakula. Kazi mzuri."

Nyumba ilivunjwa asubuhi ileile, na nguzo zake zikatumika kushikilia mabati. Nasirumbi alipewa kibanda cha mbuzi nyuma ya nyumba ya Egesa. Benedeta, mke wa Egesa, alimfagilia samadi na kumtandikia majani makavu, akamletea bakuli la uji akiwa amelificha chini ya kitenge. Benedeta alikuwa mwanamke mwoga, mwenye watoto wadogo, na aliyezoea kuinamisha kichwa kila mumewe alipoingia mlangoni.

Kenge waliletwa siku chache baadaye. Wategaji wa Egesa walikuwa wamewapindua miguu mgongoni na kuifunga kwa mishipa yao wenyewe iliyochomolewa kutoka kwenye vidole, maana kamba ya katani waliikata kwa kucha. Midomo ilizungushiwa nyuzi za magome. Walishushwa kutoka kwenye lori mmoja mmoja na kutupwa juu ya mabati kama vifurushi. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Wale hai, majike wenye matumbo mazito, walifunguliwa ndani ya uzio, na kwa siku nzima hawakutembea. Walilala tu wakipumua, miguu imevimba.

Kazi ya Nasirumbi ilikuwa kuwatafutia vyura na panya, na vyura walipoadimika Egesa alimwamuru alete kuku. Alileta kuku wake mwenyewe, wale aliobakishiwa na Okochi, mpaka wakaisha. Alipita kwenye kimlango kidogo cha kulishia kilichofungwa kwa kamba upande wa migomba. Lango kubwa lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Egesa. Kenge walimzoea haraka. Waliposikia nyayo zake walitoa ndimi na kujikokota kumfuata, naye akajifunza kuwasukuma kwa fimbo bila kuwaumiza, maana yeyote aliyeumia, Egesa alimdai yeye.

Mvua ndogo zilipokatika, majike wakaanza kuchimba. Walikikwangua kichuguu kwa kucha mpaka udongo ukaruka, wakataga, wakatoka wamesinyaa. Mchwa wakaziba. Taranti alikuja na gari lake, akapiga vigingi vidogo kuonyesha kila tundu lilipo, akakaa pale hadi jioni akivuta kiko na kutazama udongo mbichi ukikauka. Alifurahi. Alimpa Egesa koti la kijeshi na kiboko, akamfanya nyapara. Majike waliokwisha kutaga alitaka wabaki uzioni wanenepe, watage tena.

"Hapana kuni karibu. Hapana moto. Hapana kuchimba, hapana kupiga-piga chini," aliagiza. "Hii nyumba ya mtoto yangu."

Kisha zikaja mvua kubwa. Alasiri moja, mvua ilipokatika na jua likatoka, kumbikumbi walianza kumiminika kutoka kwenye kichuguu. Walitoka wengi kuliko mwaka wowote uliokumbukwa, mawimbi ya mbawa yanayong'aa, wakaruka juu ya mabati na kuangukia ndani. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Watoto walilia. Ndani ya uzio kenge walikuwa wakilamba na kumeza, wakilamba na kumeza, na hakuna aliyeruhusiwa kuokota hata mmoja.

Nasirumbi alifungua kimlango cha kulishia, akaingia na kikapu. Hakuchimba, hakuwasha moto. Aliokota tu waliokwisha kuanguka, na alipotoka aliwamiminia watoto wa Benedeta mikononi.

Egesa alimkuta hapo.

Siku iliyofuata Taranti alipofika na kusikia habari, alikalia ubao wa kukanyagia wa gari lake akasema, "Nyapara, hii kazi yako." Egesa aliwaita watu wote. Alimlaza shemeji yake kifudifudi mbele ya lango, akatazama huku na huku kutafuta wa kumshika. Wanaume walisogea nyuma.

"Benedeta! Njoo umshike mikono."

"Baba Taaka, tafadhali..."

"Njoo, au utalala kando yake."

Benedeta alipiga magoti. Alimshika Nasirumbi viganja, akafumba macho, na kila kiboko kiliposhuka alitetemeka yeye kana kwamba kimempiga yeye. Nasirumbi hakulia mwanzoni. Baadaye alilia, kisha akajikojolea, na kuna mtu nyuma aliyecheka. Egesa aliposikia kicheko kile alizidisha. Taranti alitazama saa yake, akasema "Bas," akaenda kukagua vigingi vyake.

Mgongo wa Nasirumbi ulipasuka na kuvimba. Kila asubuhi, mumewe akiwa bado amelala, Benedeta alimletea chungu cha maji ya moto na kitambaa. "Dada, jikande," alikuwa akisema, bila kumtazama usoni. "Jikande yangali ya moto." Asubuhi za kwanza Nasirumbi alijikanda. Maji yalimuuma, kisha yakamtuliza, na akiwa ameinama pale kibandani alikuwa akiona juu ya mabati kilele cha kichuguu chake.

Kisha akaacha kujikanda. Chungu kilipoletwa alingoja Benedeta aondoke, akakiweka ndani ya kapu la vyura, akakifunika kwa majani ya migomba na kwenda nacho kulisha. Kwenye kigingi cha kwanza alitoboa udongo kwa kijiti kirefu mpaka akahisi kijiti kimeingia kwenye uwazi. Akamimina. Mvuke ulimrudia usoni, una harufu ya yai linalochemka. Mchwa walitoka wakahangaika, wengine wakafa hapohapo. Waliobaki wakaanza kubeba udongo. Alipopita tena jioni tundu lilikuwa limezibwa, halina hata alama.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye kigingi kingine, na akaendelea hivyo mpaka akavimaliza vigingi vyote, kisha akaanza upya ili asiache shaka. Benedeta aliona mgongo hauponi vizuri. Akazidisha maji, na kuyachemsha zaidi. Mara moja aliiba mafuta ya samli ya mumewe akayaleta kwenye jani. Nasirumbi aliyapokea, akamshukuru.

Mwisho wa mvua ulikaribia. Taranti alikuja na masanduku yenye matundu na nyavu laini, na mzungu mwenzake aliyepitia kutoka Kisumu kuja kuona. Walikaa kwenye viti vya turubai mbele ya kichuguu wakingoja udongo upasuke. Haukupasuka. Walirudi kesho yake na keshokutwa. Mgeni alianza kupiga miayo, akasema jambo kwa lugha yao, akacheka. Taranti hakucheka. Aliamuru majembe yaletwe.

Kenge walisukumiwa pembeni kwa fimbo, na wanaume wakaanza kuchimba kwa uangalifu kwenye kigingi cha kwanza, udongo ukitolewa kwa mikono. Mayai yalionekana, meupe, yamerundikana. Taranti alichukua moja akalipasua kwa kisu kidogo. Ndani alikuwamo kenge mdogo aliyekamilika, amejikunja mkia juu ya kichwa, mweusi mwenye madoa ya manjano, kucha zake nyembamba kama nyuzi. Nyama yake ilikuwa imekakamaa na kupauka, na ute uliomzunguka ulikuwa mgumu, mweupe, kama wa yai lililochemshwa. Alipasua jingine. Akapasua jingine. Nasirumbi alikuwa amesimama karibu na kapu lake. Hakuwa amefikiri kwamba wangekuwa na madoa.

Walivunja kichuguu chote. Walikibomoa mpaka chini, mpaka kwenye chumba cha malkia, na malkia mwenyewe akakatwa na jembe bila mtu kujali. Kila tundu lilikuwa hivyohivyo. Jua lilipokuwa utosini palibaki lundo la udongo mwekundu na mchwa wakikimbia ovyo juani.

"Hii maji moto," alisema Taranti kwa sauti yake ileile ya chini. "Nani naleta maji moto?"

Egesa alimnyooshea Nasirumbi kidole. "Bwana, huyu mwanamke ndiye anaingia..."

"Mimi naingia na vyura," alisema Nasirumbi. "Kule kibandani kwangu hakuna jiko, Bwana, hata askari anajua. Moto uko kwa nyapara. Kila asubuhi maji yanachemka kwa nyapara. Na ufunguo uko shingoni mwake."

Taranti alimgeukia Benedeta. "Kweli? Kila asubuhi wewe nachemsha maji?"

Benedeta alifungua mdomo. Alimtazama Nasirumbi, na Nasirumbi akaona wazi jinsi alivyolielewa jambo lote, kipande kwa kipande: chungu, majani ya migomba, mgongo usiopona. Angeweza kusema. Alitazama kiboko kilichokuwa mkononi mwa mumewe, akatazama watoto wake.

"Nachemsha, Bwana," alisema.

Egesa alipiga kelele kwamba ni uongo, kwamba hajui lolote. Taranti alimvua ufunguo shingoni. Akawaamuru wategaji wake, watu waliokula na Egesa sahani moja, wamfunge mikono nyuma na miguu nayo, kama wanavyofunga kenge. Walifanya bila kusita. Mmoja hata alikaza kamba kwa goti. Wakamtupa ndani ya uzio. Taranti akaokota yale mayai yaliyoiva, akayaponda mkononi, akayapaka kwenye viganja vya Egesa na shingoni, na mengine akayamwaga mgongoni. Kenge hawakuwa wamekula tangu jana yake. Alifunga lango, akatia ufunguo mfukoni.

"Kesho mimi rudi," alisema, na gari likaondoka kuelekea Tororo pamoja na mgeni wake.

Egesa alianza kupiga mayowe kabla vumbi la gari halijatua. Watu walirudi majumbani mwao na kufunga milango. Nani angevunja uzio wa mzungu? Benedeta alikimbilia kimlango cha kulishia, akakifungua, akaona midomo iliyogeuka kumkabili, akakifunga. Akaja kumwangukia Nasirumbi miguuni.

"Dada, wewe wanakujua. Ingia. Nakuomba, ingia umtoe."

Nasirumbi alikuwa ameketi juu ya lundo la udongo wa kichuguu lililotupwa nje. "Ulinishika mikono," alisema.

"Nilishikishwa!"

"Ulishika."

"Nimekuokoa sasa hivi. Ningesema neno moja tu, wewe ndiye ungekuwa mle."

Nasirumbi aligeukia uzio. Alisikiliza. Mayowe yalikuwa na maneno mwanzoni, jina la mama yake Egesa, jina la Okochi, kisha hayakuwa na maneno. Benedeta alijiziba masikio akajigaragaza. Jua lilisogea kutoka utosini mpaka juu ya migomba. Mayowe yalipokoma kabisa, ndipo Nasirumbi aliposimama, akachukua fimbo yake, akaingia.

Alimkuta hai. Kenge walikuwa wamemla viganja vyote viwili mpaka kwenye vifundo vya mikono, na kipande cha sikio. Aliwasukuma kwa fimbo, akamburuta kwa miguu mpaka kwenye kimlango.

Taranti hakurudi kesho yake. Alituma lori kuwachukua kenge na mabati, na baada ya muda mfupi ikasikika amehamia upande wa ziwa kununua ngozi za mamba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Egesa alipelekwa hospitali kwa machela, na huko wakaikata mikono iliyokuwa imeoza. Alirudi na visiki viwili vilivyofungwa bendeji.

Kijijini walimsifu Nasirumbi. Walisema, mwanamke yule alipigwa na shemeji yake mbele ya watu, akavunjiwa nyumba, lakini alipomwona taabani aliingia peke yake katikati ya wanyama wale. Wazee walimtaja kanisani. Benedeta alisikiliza sifa zote hizo akiwa kwenye mkeka wa wanawake. Baada ya ibada alikusanya watoto na chungu chake, akaja mpaka kibandani.

"Maji yale yalikuwa ya mgongo wako," alisema.

Hakungoja jibu. Alivuka mto Sio siku hiyohiyo, akarudi kwa ndugu zake Funyula, na hakuonekana tena upande huu.

Kwa hiyo alibaki Egesa, asiyeweza kujifungia suruali wala kujitia tonge kinywani, na wazee wakaamua kwamba, kwa kuwa Nasirumbi ana moyo, na hana nyumba, akae mle ndani amtunze. Hakukataa. Hakuwa na pa kwenda. Alimpikia, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko asubuhi na jioni, na Egesa, aliyekuwa amekonda na kuzeeka ghafla, alikuwa akimshukuru. Hilo ndilo lililomshinda. Kila kijiko kilifuatwa na asante. Alilia akisema yeye alikuwa mtu mbaya, na shemeji yake ndiye aliyemtoa mautini.

Asubuhi moja Nasirumbi aliweka kijiko kwenye bakuli, kikiwa kimejaa.

"Ni mimi niliyeyapika yale mayai," alisema. "Benedeta alinipa maji nijikande, mimi nikayamwaga kichuguuni. Na siku ile nilikaa nje nikakusikiliza. Nilingoja unyamaze."

Egesa alimkodolea macho. Visiki vyake viliinuka kidogo kutoka mapajani, vikashuka. Alitazama mlango, alitazama bakuli. Nje kuku wa jirani walikuwa wakichakura pale palipokuwa na kichuguu, ambapo sasa paliota magugu. Nasirumbi alingoja atukane, au amtemee mate, au ampige teke. Miguu alikuwa nayo.

Uji ulikuwa unapoa, na tangu jana jioni hakuwa amekula. Egesa alifumba macho, akafungua kinywa. Nasirumbi akakiinua kile kijiko.